Basenji au azawakh: mbwa gani wa kuwinda kwa ardhi ya Katanga?

Tangu mwanzo wa kiangazi mtoto wa shangazi yangu haniachi nipumue. Ana shamba upande wa barabara ya Kasenga, nje ya Lubumbashi, na anataka mbwa wa kuwinda mwenye ukoo unaojulikana. Amebaki na majina mawili: basenji na azawakh. Wote ni mbwa wa Afrika, wote ni wachache duniani, na kwenye picha wote wanapendeza hadi mtu anasahau kuuliza maswali. Kwa kuwa nimefuga basenji miaka tisa katika parseli yetu ya Katuba, ameniuliza mimi. Nilipoanza kumjibu niliona kwamba jibu la haraka litampoteza.

Watu wengi huanza na rangi, urefu na bei. Mimi nilimwambia aanze na swali hili: mbwa huyu anampata mnyama kwa njia gani? Ukishalijibu, karibu mambo mengine yote yanajipanga yenyewe, kuanzia kimo cha ukuta hadi namna mbwa atakavyompokea mgeni mlangoni.

Azawakh ni mbwa wa macho. Kwao ni Sahel, Mali na Niger hadi kaskazini ya Burkina Faso, na jina lake limetoka kwenye bonde la Azawagh. Watuareg na wafugaji wengine wa huko wamemfuga alinde kambi na mifugo, na awakamatie sungura na swala. Dume ana kimo cha sentimita 64 hadi 74 mabegani, lakini uzito wake ni kilo 20 hadi 25 tu. Mbavu zinahesabika, mifupa ya nyonga imechomoza, na asiyemjua atasema mwenye mbwa ana roho mbaya, hamlishi. Kumbe ndivyo alivyo: miguu mirefu, kifua chenye nafasi ya moyo na mapafu, mafuta kidogo sana ili joto la mwili litoke upesi. Anamwona mnyama kwa mbali, anafyatuka, na anaweza kufikia kilomita 60 hivi kwa saa. Akishaanza kukimbiza, ukimwita hakusikii. Si ukaidi, akili yote imehamia machoni.

Basenji ni habari nyingine. Huyu ni mbwa wa msitu wa Kongo, mdogo: kwa vipimo vya shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, dume ana sentimita 43 na kilo 11, jike sentimita 40 na kilo 9 na nusu. Masikio yamesimama, paji la uso lina makunyanzi kama la mzee anayefikiri, mkia umejikunja kama kata ya kubebea maji. Katika msitu mnene jicho halifiki mbali, kwa hiyo anatumia pua, masikio na macho kwa pamoja. Kule Ituri, kaskazini mashariki ya Kongo, Wambuti, wawindaji wa msituni, wanatandaza nyavu kwa nusu duara, wengine wanazunguka upande wa pili na mbwa, na mbwa anawafurusha funo na paa wadogo kutoka kwenye vichaka hadi waingie wavuni. Hatakiwi kukimbia mbali. Anatakiwa kuingia ndani, chini ya matawi, mahali mtu hapiti.

Na kwa kuwa habweki, anafungwa kengele ya mti shingoni. Niliwahi kuishika moja: gogo dogo lililochongwa uwazi ndani, na vijiti viwili vinavyogonga kuta zake. Sauti yake ni kavu, tok, tok, tok, haina mwangwi kama chuma. Mwindaji anaisikiliza na kujua mbwa yuko wapi, anatembea au anakimbia, amesimama au amegeuka.

Hapa kuna kosa ambalo nalisikia kila mara: kwamba basenji ni bubu. Si bubu hata kidogo. Koo lake limeumbwa tofauti kidogo, kwa hiyo habweki mfululizo kama mbwa wengine, lakini analia, ananguruma, na akifurahi anatoa sauti ya kupanda na kushuka, kama mtu anayepiga vigelegele huku amefunga mdomo nusu. Akiachwa peke yake anaomboleza. Mwezi wa kwanza nilipokuwa na jike langu nilichelewa kurudi usiku mmoja. Asubuhi jirani yetu, mama wa makamo, akaja na kitenge begani, amejiandaa kabisa kwa kuketi matangani. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Papa, kilio kiko kwenu? Tulisikia mwanamke analia usiku kucha." Ilibidi nimlete mbwa nje amwone. Alimtazama kwa muda, akasema hawezi kulala tena karibu na mnyama wa namna hiyo. Tulikaa naye hadi saa nne tukizungumza, kwa sababu kwetu mbwa akilia usiku watu wanasikia mauti yanakaribia, na hofu ya jirani si kitu cha kupuuza. Tangu siku ile mbwa wangu halali peke yake.

Turudi kwenye ardhi. Nilimpeleka ndugu yangu kwenye shamba lake mwenyewe na kumwomba afanye jambo moja: asimame mahali anapotaka kuwinda, atazame mbele kwa kimo cha goti, si kwa kimo chake, kisha ahesabu hatua hadi kitu cha kwanza kitakachomziba macho. Alifika hatua kumi na saba. Ilikuwa Juni, nyasi bado hazijaungua, na miombo waliyoiacha wachoma makaa imechipua upya na kuwa kichaka. Mwezi wa Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, angefika hatua tano. Mbwa anayewinda kwa macho atafanya nini na hatua tano?

Kuna pengine Katanga ambapo hesabu hiyo inabadilika. Kwenye dembo, yale mabonde ya nyasi yasiyo na miti, na juu kwenye tambarare za Biano, baada ya moto wa kiangazi jicho linakwenda mbali. Hapo azawakh angejiona yuko nyumbani. Lakini hata huko namwogopea. Eneo la Lubumbashi limejaa vichuguu, vingine virefu kuliko nyumba ya ghorofa moja, na muhanga anachimba mashimo chini ya nyasi anapotafuta mchwa. Mbwa wa miguu myembamba akiwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, akikanyaga shimo la muhanga, mguu unavunjika kama kijiti cha muhogo. Jangwani mbwa anaona ardhi anayoikanyaga. Hapa haioni.

Kwa hiyo upande wa kuwinda nimeshaamua, na sitaficha: kwa vichaka vyetu basenji ndiye anayefaa, na azawakh ningemshauri mtu mwenye nafasi ya wazi peke yake. Laiti mambo yangeishia hapo, uchaguzi ungekuwa mwepesi. Lakini mbwa anawinda siku chache kwa mwaka, na siku zilizobaki anaishi nyumbani. Tena mbwa mwenye karatasi za ukoo hatoki Ituri wala Azawagh. Anatoka Ulaya au Marekani, na safari ya wazee wake kutoka Afrika hadi huko imemwachia alama.

Tuanze na jina lenyewe, maana linaumiza masikio ya mtu wa Lubumbashi. Kwetu mtu akikuita musenji amekutukana: wewe ni mtu wa porini, hujui mji. Wazee waliokulia kwenye kambi za migodi wanalijua vizuri neno hilo na jinsi lilivyotumika kuwagawa watu. Wazungu walimwita mbwa kwa tusi hilohilo, mbwa wa basenji, yaani mbwa wa watu wa porini, na leo ndilo jina lake dunia nzima. Nililikubali kwa shida. Kuna jambo jingine la kutafakari: katika karatasi za FCI, nchi inayosimamia vipimo vya umbo la basenji ni Uingereza, na inayosimamia vya azawakh ni Ufaransa. Kongo na Mali tumebaki kuwa mahali pa asili tu.

Basenji wa kwanza waliopelekwa Uingereza walionyeshwa Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa, mwaka 1895. Hawakukaa, distempa, ugonjwa mkali wa virusi wa mbwa, iliwaua. Mwaka 1923 wengine sita walipelekwa kutoka Sudan, na chanjo ya distempa ya wakati ule ikawaua wote. Ni katika miaka ya 1930 ndipo Mwingereza Olivia Burn alipofanikiwa kuwatunza wa kwake wakazaa, akawaonyesha Crufts mwaka 1937, na watu wakajazana kuwatazama. Fikiria maana yake: basenji karibu wote wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache sana, na watoto wao wakapandishwa wenyewe kwa wenyewe. Ukoo mdogo hivyo, kasoro moja iliyojificha inasambaa kama doa la mafuta kwenye kitambaa.

Kasoro ya kwanza iliyojitokeza ilikuwa upungufu wa damu wa kurithi. Ya pili, inayonigusa mimi binafsi, ni ugonjwa wa Fanconi. Figo nzima huchuja damu, kisha hurudisha mwilini vitu vyenye faida kama sukari, protini ndogondogo, fosfeti na bikabonati. Kwa mbwa mwenye Fanconi mirija midogo ya figo inashindwa kuvirudisha, na vyote vinatoka na mkojo. Mbwa anakunywa maji bila kutosheka, anakojoa sana, anakonda misuli, na damu yake inazidi kuwa na asidi. Kwa kawaida ugonjwa hauonekani hadi afike miaka minne au zaidi, na kufikia hapo pengine ameshazaa mara kadhaa.

Jike langu lilianza likiwa na miaka sita. Beseni la maji lililotosha siku nzima likawa linaisha kabla ya jua la saa nne. Daktari wa kwanza aliona sukari kwenye mkojo akasema ni kisukari, akataka kuanza insulini. Bahati nzuri mwenzake aliomba damu ipimwe kwanza. Sukari ya damu ilikuwa ya kawaida kabisa. Hapo ndipo penye siri ya ugonjwa huu: sukari kwenye mkojo wakati sukari ya damu haijapanda. Kisukari cha kweli hakiko hivyo, na insulini kwa mbwa ambaye sukari yake iko sawa ingeweza kumuua. Alipewa vidonge vya bikabonati, vitamini na madini, kwa kufuata utaratibu ulioandikwa na Mmarekani Steve Gonto, na akaongeza miaka mitatu mizuri.

Tangu wakati huo ninamwambia kila mwenye basenji: nunua vile vijiti vya kupimia sukari kwenye mkojo, wanavyotumia wagonjwa wa kisukari, na mbwa akifikisha miaka mitatu mpime kila mwezi. Inahitaji kijiko chenye mpini mrefu na subira ya alfajiri. Unamfuata akienda kujisaidia, unapokea matone, unachovya kijiti, unasubiri. Kisipobadilika rangi, unarudi kulala.

Sasa kuna kinga bora kuliko kijiti. Tangu mwaka 2011 kuna kipimo cha DNA kinachotafuta kasoro yenyewe. Kila mtoto anapokea nakala mbili za jeni hiyo, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye nakala mbili mbovu ndiye ataugua. Mwenye moja tu hataugua, ila ni mbebaji. Wabebaji wawili wakipandishwa, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupata zote mbili mbovu. Mbebaji akipandishwa na aliye safi, hakuna mtoto atakayeugua. Kwa hiyo mbebaji asitupwe, maana ukoo ni mdogo tayari. La muhimu ni mwenza wake awe safi. Muuzaji anayekuambia "wazazi wote wana afya" bila kukuonyesha jibu la kipimo hajakuambia kitu.

Kuna sura ya historia hii inayonipa furaha. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani wachache, wakiwemo Jon Curby na Michael Work, walikuja Zaire, wakapanda hadi kaskazini mashariki na kutafuta mbwa vijijini. Walirudi na mbwa wapya, wakiwemo wenye milia ambao kabla ya hapo hawakuwa kwenye vitabu vya Marekani, na mwaka 1990 klabu ya mbwa ya Marekani ilikubali kuwaandika. Damu iliyokuja kuupanua ukoo ule finyu ilitoka msituni kwetu, kwa mbwa wa watu ambao hawana karatasi hata moja. Mwindaji wa kijijini alikuwa amechagua kwa njia yake: asiyeweza kazi hakuzaa.

Azawakh naye alipitia mlango mwembamba. Mwanadiplomasia wa Yugoslavia aliwapeleka wachache kwao miaka ya 1970, na Wafaransa waliofanya kazi Sahel wakapeleka wengine. FCI ilimtambua mwaka 1981. Kwenye kundi la mbwa wa kuwinda la klabu ya mbwa ya Marekani aliingia mwaka 2019 tu. Wapenzi wake wamerudi Sahel mara nyingi kutafuta damu mpya, lakini vita vilivyoanza Mali mwaka 2012 vimeifanya safari hiyo kuwa ya hatari.

Nyumbani, tofauti yao inajitokeza mlangoni. Mwizi akipanda ukuta saa nane za usiku, watu wa Lubumbashi wanataka mbwa anayebweka. Azawakh atabweka, na atasimama mbele ya mwenye nyumba. Kulinda kambi kuko ndani ya damu yake. Basenji atamwona mwizi kabla yenu, atasimamisha masikio, na huenda asitoe sauti. Anayetaka mlinzi asimchague basenji, namsihi.

Lakini mlinzi huyohuyo ana gharama yake. Azawakh hapendi mkono wa mtu asiyemjua. Parseli zetu hazifungwi: leo shangazi amefika na mabegi kutoka Likasi, kesho watoto wa jirani wanachota maji, keshokutwa kuna matanga na watu mia moja wanaketi uani siku tatu. Mbwa wa namna hii lazima azoeshwe watu tangu akiwa mdogo kabisa, kila wiki, la sivyo utamfungia chumbani kila mgeni akifika. Basenji anakaribia wageni kwa wakati wake, kama paka, na kama paka anajilamba na kujisafisha, hana harufu. Ila anapanda. Waya wa mita moja na nusu kwake ni ngazi. Naye akiona kuku nje ya ukuta hasikii jina lake, kwa hiyo barabarani ni kamba shingoni, siku zote.

Jike la basenji kwa kawaida linaingia kwenye joto mara moja tu kwa mwaka, wakati majike ya mbwa wengi huingia mara mbili. Mjini kwetu, penye mbwa wengi wa kuzurura, hilo ni jambo la kushukuru.

Kuhusu maradhi, nisingependa mtu adhani kwamba jina la Afrika linamkinga mbwa aliyezaliwa Ulaya. Kupe wa huku watampa homa ya babesia kama mbwa mwingine yeyote. Mbung'o wakiwepo huko unakokwenda kuwinda, malale yanaweza kumtia ukungu machoni na kumuua. Nzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa atamtia mabuu chini ya ngozi, na azawakh mwenye ngozi nyembamba atateseka zaidi. Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akifika miezi mitatu, na irudiwe kila mwaka. Usiku wa Juni na Julai baridi yetu inashuka chini ya nyuzi 10, na mbwa asiye na mafuta anahitaji blanketi na kulala ndani. Akihitaji upasuaji, mkumbushe daktari kwamba mbwa wa mwili mkavu kama azawakh hukawia mno kuamka wakipewa dawa za usingizi za jamii ya thiopentali. Mji wetu una kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Uliza huko mapema, kabla mbwa hajaugua. Na bukari, yaani ugali, peke yake si chakula cha mbwa anayekimbia. Mchanganyie ndagala, maini, yai.

Karatasi za mbwa hazimpi mwenyewe haki ya kuwinda. Sheria ya Mei 28, 1982 inadai ruhusa na inaheshimu majira, na ndani ya hifadhi za Upemba na Kundelungu mbwa wa kuwinda haingii hata kwa kamba. Tena mbwa asiyechanjwa anaweza kuwapelekea wanyama pori distempa. Ndugu yangu alinuna nilipomwambia hivyo, lakini alikwenda kuuliza utaratibu wa ruhusa.

Alichagua basenji, jike. Amempata mfugaji Ubelgiji mwenye watoto watakaozaliwa Desemba, na kabla ya kutuma pesa aliomba majibu ya DNA ya wazazi wote wawili. La jike limefika: mbebaji. La dume tunalisubiri, na tumekubaliana kwamba lisiposema safi, hatanunua.